Laptopu nyembamba: Betri inakaa masaa mangapi kweli? Mambo ya kujua kabla ya kutoa hela

Kwa mtu wa Uroa, pwani ya mashariki ya Unguja, swali la kwanza kuhusu laptopu haliwi uzuri wake. Swali ni hili: umeme ukikatika saa mbili usiku, kazi itaisha kwanza au kompyuta itazima kwanza?

Ndiyo maana kompyuta mpakato nyembamba, zile za kilo moja na kidogo zinazoingia hata kwenye mkoba wa skuli, zinavutia watu wengi. Mwalimu anayetunga mitihani, kijana wa hoteli anayejibu barua pepe za wageni, mtembeza watalii, mwanafunzi anayepanda gari kila siku kwenda chuo: wote wanataka chombo chepesi kinachokaa na chaji.

Tangazo linasema masaa 15. Jengine linasema 18. Jengine limevuka 20. Ikifika nyumbani, inakaa masaa sita.

Hapo mtu huhisi kaibiwa. Mara nyingi hakuibiwa. Namba ile ilipimwa kwa matumizi ambayo si yake. Namba za kweli zipo kwenye karatasi ya sifa, na mnunuzi akijua kusoma vitu vitatu tu, yaani ukubwa wa betri, nguvu ya prosesa na vile visivyoweza kubadilishwa ndani, atakadiria mwenyewe masaa yake hata kabla hajalipa.

Mwaka wa bahasha, mwaka wa giza

Tarehe 15 Januari 2008, jijini San Francisco, Steve Jobs wa Apple alipanda jukwaani na bahasha ya kaki. Ndani yake akatoa kompyuta. Ilikuwa MacBook Air ya kwanza: kilo 1.36, unene wa sentimita 1.94 upande ulio mnene zaidi. Ukumbi ulipiga makofi.

Miezi minne baadaye, Mei 2008, Unguja ikaingia gizani. Hitilafu kwenye njia ya umeme unaotoka Tanzania Bara kwa waya wa chini ya bahari iliwaacha watu bila umeme kwa karibu mwezi mzima. Desemba 2009 balaa likarudi, na safari hii likakaa hadi Machi 2010. Miezi mitatu.

Matukio hayo mawili hayahusiani, lakini yakiwekwa pamoja yanaonyesha jambo. Mwenye laptopu nene ya wakati ule aliweza kuchomoa betri na kuweka ya pili. MacBook Air ilifungwa betri ndani kwa skrubu, mwenyewe hana pa kuishika. Wembamba ulianza kwa kuondoa kitu ambacho mtu wa Unguja, kuliko wengi, angekihitaji.

Uroa yenyewe ina historia yake na umeme. Mwanaanthropolojia wa Norway, Tanja Winther, alifanya utafiti kijijini hapo na kuandika kitabu kizima, *The Impact of Electricity*, kilichotoka mwaka huohuo wa 2008, kuhusu jinsi umeme ulivyobadilisha maisha ya watu: taa, televisheni, maji na hata mpangilio wa jioni majumbani. Ni kijiji kinachojua vizuri umeme unaleta nini, na ukiondoka unaondoka na nini.

Mwaka 2013 waya mpya wa chini ya bahari wenye uwezo wa megawati 100 ulikamilika, kutoka Ras Kiromoni hadi Fumba. Giza la miezi halijarudi tena. Lakini kukatika kwa saa moja, mbili au tano hakujawa hadithi ya zamani, na kwa laptopu saa hizo ndizo mtihani wenyewe.

Nyembamba maana yake nini?

Hakuna sheria inayosema laptopu fulani ni nyembamba sana na nyengine siyo. Kipimo kilichojulikana zaidi kilitoka kwa Intel mwaka 2011, ilipoanzisha jina la Ultrabook. Mashine ya kioo cha inchi 13.3 kushuka chini ilitakiwa isizidi milimita 18, yenye kioo kikubwa zaidi isizidi milimita 21, na betri ikae masaa matano au zaidi.

Baada ya hapo makampuni yakaingia mashindanoni. HP Spectre 13 ya mwaka 2016 ilikuwa na milimita 10.4. Acer Swift 7 iliyoonyeshwa Januari 2018 ilishuka hadi milimita 8.98, karibu unene wa simu iliyovaa kava.

Siku hizi laptopu nyingi za kundi hili zina milimita 11 hadi 18 na uzito wa kilo 1 hadi 1.4. Mashindano ya milimita yamepoa, kwa sababu kila milimita iliyokatwa ilikuwa na gharama yake. Sehemu inayokaliwa na betri, feni, hewa na milango ya waya ndiyo hiyohiyo inayokatwa.

Hesabu ya betri: ni kugawa tu

Kwenye simu watu wamezoea mAh. Kwenye laptopu kipimo cha kutazama ni wati-saa, kwa kifupi Wh. Kimeandikwa kwenye betri yenyewe na kwenye karatasi ya sifa.

Hesabu yake ni ya darasa la nne: wati-saa gawa kwa wati zinazotumika, jibu ni masaa.

Laptopu nyingi nyembamba zina betri ya Wh 40 hadi 75. Tuseme ni Wh 50. Makadirio ya kawaida kwa mashine za miaka ya karibuni yanakuwa hivi:

• Kuandika na kusoma, mwanga wa kioo wa wastani: wati 5 hadi 8. Masaa 6 hadi 10.

• Mkutano wa video, kamera imewashwa: wati 12 hadi 18. Masaa matatu hadi manne.

• Kuhariri video au kucheza gemu: wati 25 hadi 35. Saa moja na nusu hadi mbili.

Mashine ni moja, betri ni moja, na majibu yanatofautiana mara tano.

Sasa irudiwe ile namba ya tangazo. MacBook Air ya M1, iliyotoka Novemba 2020, ina betri ya Wh 49.9, na Apple ilitaja masaa 15 ya kuperuzi intaneti na 18 ya kutazama filamu. Kugawa 49.9 kwa 15 kunaleta wati 3.3 tu. Hiyo inawezekana, kwa kurasa nyepesi na mwanga wa kioo usiopandishwa juu. Mtu akikaa barazani na mwanga wa mwisho kabisa, tabo ishirini zimefunguliwa na hotspoti ya simu imewashwa, wati 3.3 atazisikia kwenye redio.

Na kikomo cha juu kipo pia. Mashirika ya ndege huruhusu betri ya hadi Wh 100 ndani ya ndege bila kibali maalumu, ndiyo sababu hata laptopu kubwa kabisa huishia Wh 99 na kitu. Anayeambiwa dukani kuna laptopu ya Wh 150 ana haki ya kucheka.

Wembamba nao si lazima uje na betri ndogo. MacBook ya inchi 12 ya mwaka 2015 ilikuwa na Wh 39.7 kwa gramu 920. LG gram 17 ya mwaka 2019 ilibeba Wh 72 kwa kilo 1.34 tu, na kioo kikubwa cha inchi 17. Zote mbili ni nyepesi. Anayeangalia uzito peke yake hataona tofauti; anayeangalia Wh ataiona mara moja.

Masaa yaliongezeka kwa sababu gani?

MacBook Air ya 2008 ilikuwa na betri ya Wh 37 na iliahidiwa masaa matano. Ile ya 2020 ina Wh 49.9 na iliahidiwa masaa 15.

Betri iliongezeka kwa karibu theluthi moja. Masaa yaliongezeka mara tatu. Tofauti hiyo haikutoka kwenye betri; ilitoka kwenye prosesa, kioo na diski, ambavyo vilijifunza kula kidogo.

Kwa mnunuzi maana yake ni kwamba kati ya laptopu mbili zenye Wh sawa, yenye prosesa mpya zaidi ndiyo kwa kawaida itakayovuka usiku. Betri kubwa kwenye prosesa ya zamani ni tangi kubwa kwenye gari inayokunywa mafuta.

"i7" tatu zisizofanana

Hapa ndipo watu wengi hupigwa. Kibandiko kinasema Core i7, muuzaji anasema "hii i7, ndo kubwa", na biashara inaisha.

Chukua prosesa tatu za Intel za kizazi cha saba. i7-7Y75 imepangiwa wati 4.5. i7-7500U imepangiwa wati 15. i7-7700HQ imepangiwa wati 45, na ina koa nne wakati wenzake wana mbili mbili. Zote ni i7. Kwenye kazi nzito ya kwanza haimkaribii ya tatu.

Siri iko kwenye herufi. Kwa Intel za miaka hiyo:

• Y: ya kubana umeme kabisa, ya mashine nyembamba sana, mara nyingi bila feni.

• U: ya kawaida kwa laptopu nyembamba za ofisi na masomo.

• H au HQ: ya kazi nzito na gemu, inataka feni kubwa na chaja kubwa.

Acer Swift 7 ile ya milimita 8.98 ilitumia i7-7Y75. Wembamba wake ulilipiwa hapo.

Kwa mashine mpya majina yamebadilika. Tangu Desemba 2023 Intel inatumia jina Core Ultra. Zile za Core Ultra 200V, zilizotangazwa Septemba 2024 na kumalizikia na herufi V, zilitengenezwa hasa kwa ajili ya kukaa na chaji. Kuanzia Juni 2024 zimeingia pia laptopu za Windows zenye prosesa ya Snapdragon X kutoka Qualcomm, jamaa wa prosesa za simu. Zinakaa na betri vizuri, ila baadhi ya programu na printa za zamani hazikubaliani nazo. Ofisi yenye printa ya miaka kumi ijaribu kwanza kabla ya kununua.

Joto, adui wa kila siku

Prosesa ikipata moto kupita kiasi hujipunguzia kasi yenyewe ili isiungue. Laptopu nene ina nafasi ya bomba la kupoza na feni. Nyembamba ina nafasi ndogo, na nyengine hazina feni kabisa.

MacBook Air ya M1 ni mfano mzuri. Ina prosesa ileile ya MacBook Pro ya inchi 13 ya wakati ule, lakini Pro ina feni na Air haina. Kwa kazi fupi zinakwenda sawa. Kazi nzito ikivuka dakika kadhaa, Air huanza kupunguza mwendo na Pro huendelea.

Sasa ongeza hali ya hewa. Apple, kwa mfano, inapendekeza laptopu zake zitumike kwenye joto la nyuzi 10 hadi 35. Kiangazi cha Januari hadi Machi, mchana wa Unguja hufika nyuzi 32 au 33 kivulini. Yaani mashine inaanza kazi ikiwa tayari karibu na mwisho wa mpaka wake. Juani, au ndani ya gari iliyofungwa vioo, mpaka umeshavukwa.

Betri ndiyo inayoumia zaidi. Betri za lithiamu huchakaa haraka zikikaa kwenye joto huku zimejaa chaji. Laptopu iliyochomekwa mchana kutwa juu ya godoro, matundu yake yameziba, inazeeka bila mwenyewe kujua.

Dawa zake ni rahisi: meza ngumu, kivuli, upepo wa feni ya chumba. Laptopu nyingi sasa zina mpangilio wa kusimamisha chaji kwenye asilimia 80, na huo unarefusha maisha ya betri. Kwa Uroa kuna mtego mdogo hapo: asilimia 20 iliyoachwa ndiyo masaa mawili ya usiku umeme ukikatika. Njia ya kati ni kuiacha kwenye 80 siku za kawaida, na kuijaza yote pale ZECO inapotangaza matengenezo au siku ya safari.

Kisichobadilika ndani

Kwenye laptopu nene za ofisi, fundi hufungua mfuniko na kuongeza RAM. HP EliteBook 840 G3, mashine inayoonekana sana kwenye maduka ya mtumba, ina nafasi mbili za RAM. Ukinunua yenye GB 4 leo, kesho unaweza kuweka 16.

Laptopu nyingi nyembamba haziruhusu. RAM imechomelewa moja kwa moja kwenye ubao. Kwenye Core Ultra 200V imeingizwa hadi ndani ya kifurushi cha prosesa chenyewe, GB 16 au 32, basi. Kilichonunuliwa siku ya kwanza ndicho kitakachokuwepo mwaka wa tano.

Kwa hiyo GB 8 kwenye laptopu nyembamba ni uamuzi wa mwisho. Kwa kuandika na kuperuzi inatosha kwa sasa. Kwa anayetarajia kuikaa nayo miaka mitano, GB 16 ni hela iliyokwenda mahali pake.

SSD ina nafuu kidogo. Laptopu nyingi za Windows zina SSD inayochomolewa. MacBook za miaka ya karibuni zimechomelewa. Betri hubadilika karibu zote, lakini nyengine zimebandikwa kwa gundi na zinataka fundi mwenye vifaa. Kutoka Uroa, kazi hiyo kwa kawaida ni ya mjini, na betri yenyewe inaweza kulazimu iagizwe Dar es Salaam au nje.

Kioo na jua la pwani

Mwanga wa kioo hupimwa kwa niti. Kioo cha niti 250 kinatosha chumbani. Barazani, mchanga mweupe na bahari vikirudisha mwanga, kinageuka kuwa kioo cha kujitazamia. Niti 400 au zaidi ndiyo angalau mtu ataona anachoandika, na kioo kisichong'aa kinasaidia zaidi.

Lakini mwanga unakula betri. Kwenye laptopu inayotumia wati sita tu, kioo kikipandishwa juu kabisa kinaweza kuchukua sehemu kubwa ya wati hizo. Kusogea kivulini na kushusha mwanga ni njia ya bure kabisa ya kupata saa moja au mbili zaidi.

Vioo vya ubora wa 4K navyo vinapendeza, ila kwa inchi 13 macho mengi hayaoni faida yake, na betri inaiona gharama yake. Mashine ileile ikiuzwa kwa kioo cha kawaida na cha 4K, ya kioo cha kawaida ndiyo inayokaa zaidi.

Chaja, pawabanki na sola

Laptopu nyembamba za miaka ya karibuni nyingi huchaji kwa USB-C. Kwa kijijini hii ni habari njema: chaja ya jirani inaweza kufaa, na pawabanki pia.

Si kila pawabanki, lakini. Ile ya simu ya kawaida inatoa volti 5, na laptopu nyingi zitaikataa. Inayotakiwa ni yenye USB-C ya kuchaji laptopu, wati 45 kwenda juu, na imeandikwa hivyo pembeni.

Hesabu ya pawabanki: mAh 20,000 kwa volti 3.7 ni Wh 74. Nyengine hupotea njiani kama joto, hivyo zinabaki kama Wh 60. Hiyo inajaza laptopu ya Wh 50 mara moja na chenji. Kwa usiku mmoja wa giza, inatosha.

Gharama ya umeme wenyewe si tatizo. Yuniti moja ni wati-saa 1,000. Hata pamoja na unaopotea kwenye chaja, yuniti moja hujaza betri ya Wh 50 zaidi ya mara 15. Shida huwa ni kama umeme upo, bei haina neno. Kwa hiyo pia paneli ndogo ya sola yenye betri yake, ile ya taa na kuchaji simu, mara nyingi inaweza kuilisha laptopu nyembamba ikiwa na sehemu ya USB-C yenye wati za kutosha. Laptopu ya gemu haitaiweza.

Milango ya waya nayo itazamwe. MacBook ya inchi 12 ilikuwa na mlango mmoja tu wa USB-C: ukichaji, huna pa kuchomeka flashi. Zipo nyengine za namna hiyo hadi leo, na mwenye flashi, kipanya na projekta atalazimika kununua kiunganishi.

Ya mtumba: dakika tano dukani

Wengi hawanunui mpya. Wananunua mtumba, Darajani au Kariakoo, mashine zilizotoka maofisini Ulaya, Marekani au kupitia Dubai. Humo mna vitu vizuri sana. Lakini kuna mambo matatu ya kukagua kabla hela haijatoka mfukoni.

1. Betri iliyobaki. Kwenye Windows, fungua dirisha la amri na kuandika: powercfg /batteryreport. Faili litajitengeneza. Ndani yake kuna DESIGN CAPACITY, ukubwa wa betri ilipokuwa mpya, na FULL CHARGE CAPACITY, ukubwa wake leo. Ya pili ikiwa asilimia 60 ya ya kwanza, betri ya Wh 46 imebaki kama 28. Kwa wati 10, ni chini ya masaa matatu. Hapo bei ishuke, au betri ibadilishwe kabla. Kwenye MacBook, hali hiyo iko kwenye mipangilio ya betri; Apple huhesabu mizunguko 1,000 ya chaji kwa MacBook za miaka ya karibuni kabla ya kuhesabu betri imechoka.

2. Kizazi cha prosesa. Microsoft ilisimamisha huduma ya kawaida ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11 kwa upande wa Intel inataka, kwa ujumla, kizazi cha nane kwenda juu. Namba inajisema: i5-6300U ni kizazi cha sita, i5-8350U ni cha nane, i5-10310U ni cha kumi. ThinkPad X1 Carbon ya tano na ya sita zinafanana kama pacha, lakini ya tano ni kizazi cha saba na ya sita ni cha nane. Ya sita inapokea Windows 11 bila ujanja. Ya tano si bure, inaweza kwenda na Linux kama Ubuntu, ila bei yake isiwe ya pacha wake.

3. Mwili. Laza mashine mezani. Kama kibodi au sehemu ya kuchezeshea kidole imevimba, au mfuniko hauzibi, betri imefura. Hiyo isichajiwe, isitobolewe, isinunuliwe mpaka betri itolewe. Fungua na kufunga mfuniko mara kadhaa: bawaba zikilia, kioo kiko njiani kuvunjika.

Chumvi, mchanga na umeme unaorukaruka

Upepo wa Uroa unatoka moja kwa moja Bahari ya Hindi, na umebeba chumvi. Feni ya laptopu inauvuta ndani siku nzima. Chumvi na unyevu huleta kutu kwenye milango ya waya na kwenye ubao. Hapa laptopu isiyo na feni ina nafuu, maana haivuti hewa. Kwa zote, kuifunga kwenye begi isipotumika kunasaidia kuliko kuiacha wazi dirishani.

Umeme ukirudi baada ya kukatika, mara nyengine unarudi kwa kishindo. Kuchomoa chaja umeme unapokatika, kusubiri dakika chache ukirudi, na kutumia kifaa cha kulinda kama kile cha friji, ni mambo madogo yanayookoa chaja na ubao.

Nani achukue ipi?

Mwanafunzi na mwalimu: prosesa ya U ya kizazi cha nane kwenda juu au inayofanana nayo, GB 8 au zaidi, betri yenye afya ya asilimia 80. Mtumba mzuri unatosha.

Anayefanya kazi mtandaoni na mikutano ya video: GB 16, Wh 50 kwenda juu, kuchaji kwa USB-C, na pawabanki ya wati 45 au zaidi pembeni.

Anayehariri video za watalii au harusi: nyembamba isiyo na feni haimfai kwa kazi ya muda mrefu. Achukue yenye feni, akubali nusu kilo zaidi.

Anayekaa mbali na fundi: mashine nene kidogo ambayo betri na RAM zinafunguka kwa skrubu ni bora kuliko nyembamba iliyobandikwa gundi, hata kama haipendezi mezani.

Karatasi ya sifa iko bure, na duka lolote linaweza kuionyesha. Mnunuzi achukue wati-saa, agawe kwa wati za kazi yake mwenyewe, kisha aulize ni umeme wa masaa mangapi hukatika kwao. Namba mbili hizo zikikutana, laptopu inamfaa, hata kama haiingii kwenye bahasha.